Stelingi wanne wa zamani wenye Oscar: uanze na yupi?

Mbeya ikifika Juni, saa moja jioni kila mtu ameshajifungia ndani na koti lake. Ni miezi mizuri ya filamu ndefu, na ndiyo miezi ambayo watu huniuliza swali lilelile: nataka kutazama hizi sinema za zamani zinazosifiwa, zile ambazo stelingi wake alipata Oscar, nianze na ipi? Anayeuliza mara nyingi ameshajaribu moja iliyokuwa kwenye flashi ya rafiki, akasinzia kabla ya nusu saa, na sasa anashuku kwamba sifa zote ni wazungu kusifiana wenyewe kwa wenyewe.

Filamu yenyewe huwa haina kosa. Yeye alikaa akingoja tukio, na utamu ulikuwa kwenye uigizaji, ambao ukiwa mzuri haujitangazi. Tumekulia kwenye mabanda ya video, ambako mtafsiri anapiga stori juu ya sauti ya mwigizaji, na kwenye tamthilia ambazo mtu mwenye huzuni lazima alie kwa kwikwi mpaka aliyeko jikoni ajue. Sidharau hayo. Mapenzi yangu ya sinema yalianzia bandani. Lakini kuonja kazi ya mtu mmoja aliyebeba filamu nzima mabegani kunataka jicho jingine, na jicho hilo hupatikana upesi zaidi ukianza na filamu inayokufaa wewe na watu utakaokaa nao.

Nimeweka nne mezani. Zipo nyingi zaidi, ila hizi nne zinatofautiana vya kutosha kukuwezesha kuchagua.

Zenyewe ni hizi

*The African Queen* (1951), Humphrey Bogart, mwongozaji John Huston. Ni Septemba 1914, Afrika Mashariki ya Wajerumani, yaani nchi hii hii. Charlie Allnut, mwenye kaboti chakavu ka mvuke, anamchukua Rose Sayer (Katharine Hepburn), dada wa mmisionari aliyefariki baada ya Wajerumani kuchoma kijiji. Wawili hao wanateremka na mto wakikusudia kuizamisha meli ya kivita ya Wajerumani iliyoko ziwani. Ni ya rangi, dakika 105.

*Lilies of the Field* (1963), Sidney Poitier, mwongozaji Ralph Nelson. Homer Smith ni fundi anayezunguka na gari lake. Anasimama jangwani Arizona kuomba maji ya rejeta, anakuta masista watano Wakatoliki waliotoka Ulaya, na mama mkuu wao ameshaamua kwamba huyu ametumwa na Mungu kuwajengea kanisa. Nyeusi na nyeupe, dakika 94.

*Gaslight* (1944), Ingrid Bergman, mwongozaji George Cukor. Paula anaolewa na mpiga piano (Charles Boyer), wanahamia kwenye nyumba ya London alimouawa shangazi yake, na taratibu mume anaanza kumfanya aamini kwamba akili zake zinamtoka. Nyeusi na nyeupe, dakika 114.

*On the Waterfront* (1954), Marlon Brando, mwongozaji Elia Kazan. Terry Malloy alikuwa bondia. Sasa anatumwatumwa na genge linaloendesha chama cha makuli wa bandari huko Hoboken, ng'ambo ya mto kutoka New York. Wanamtumia kumvuta mtu kwenye mtego bila yeye kujua kwamba mtu huyo atauawa, kisha anampenda dada wa marehemu. Nyeusi na nyeupe, dakika 108.

Nimezipima kwa nini

Kwa mambo matano: kazi ya stelingi inaonekana wapi mwilini mwake, lugha, mwendo wa hadithi, nani amekaa sebuleni, na filamu inamgusa wapi mtu wa Nyanda za Juu Kusini. Tuzo sikuifanya kigezo kwa sababu wote wanne wanayo, na kwa sababu Oscar inasema tu kwamba mwaka ule wapiga kura walimpendelea huyu kuliko wenzake wanne. Katika sherehe ya 1952 Bogart alimshinda Brando, aliyekuwa amewania kwa filamu nyingine. Katika sherehe ya 1955 Brando akamshinda Bogart. Ukiona mtu anatumia tuzo kumaliza ubishi wa nani ni mkali kuliko nani, mkumbushe hilo.

Kazi yenyewe

Hapa nitakaa muda mrefu, maana ndiko kwenye nyama.

Bogart anaigiza kwa mwili mzima. Kabla ya filamu hii alizoeleka kama mwanamume mgumu mwenye suti, sigara na maneno machache. Humu hajanyoa, kofia imechakaa, na mara tu filamu inapoanza tumbo linamnguruma mezani wakati wa chai mbele ya mmisionari na dada yake. Anaona aibu, anatabasamu, tumbo linanguruma tena. Mwigizaji mwenye jina kubwa kukubali kuonekana hivyo ni ujasiri. Baadaye anaigiza kiboko na nyani ili kumchekesha Rose, na unamwona mtu mzima anayegundua kwamba bado anaweza kucheza.

Lakini mimi huwaambia watu wasubiri ruba. Boti imenasa kwenye matete, Charlie anashuka majini kuivuta, anapanda juu amejaa ruba mwilini, anatetemeka kwa kinyaa kama mtoto. Wanatolewa. Kisha anaelewa kwamba boti haitasogea asiporudi majini. Hatoi hotuba. Anayatazama maji, anashuka. Kama ningeulizwa tuzo yake ilitoka wapi, ningeonyesha hapo. Dosari yake ni kwamba mahali pengine anazidisha. Kuna wakati analewa na kucheka kwa namna inayokaribia vichekesho, na anayependa uigizaji wa kujizuia anaweza kuchoka.

Poitier yuko upande mwingine kabisa. Kazi yake iko kwenye kujibizana: jinsi anavyopokea neno la mwenzake kabla hajatoa lake. Mwenzake mkubwa ni Lilia Skala, anayeigiza Mama Maria, na ugomvi wao ni wa ujira. Homer anafungua Biblia, Luka sura ya 10, pale panaposema mtenda kazi anastahili malipo yake. Mama Maria anamfungulia Mathayo 6, maua ya shambani yasiyofanya kazi wala kusokota. Usimtazame sista hapo, mtazame Poitier: anataka kukasirika, anataka kucheka, na anajua ameshindwa kwa silaha aliyoileta mwenyewe. Yote matatu yako usoni kwa wakati mmoja.

Kuna pia tukio la mkandarasi mzungu anayemwita Homer kwa lile neno la kumshusha mtu mweusi mzima awe mtoto. Homer anamrudishia neno lilelile, kwa sauti ya kawaida kabisa. Kwa mwaka 1963 Marekani, utulivu huo ulikuwa na uzito kuliko ngumi. (Anayeigiza mkandarasi ni mwongozaji mwenyewe, Ralph Nelson.) Tena watu wa mtaani wanapokuja kusaidia ujenzi, Homer ananuna pembeni kwa sababu alitaka kanisa liwe kazi ya mikono yake peke yake. Fundi yeyote anaijua nuna hiyo. Na anapoongoza masista kuimba "Amen", sauti unayoisikia si ya Poitier. Ni ya Jester Hairston, aliyeupanga wimbo. Jua hilo kabla, halafu tazama kama mwili wake utakuruhusu kuamini.

Dosari yake? Homer ni mtu mzuri mno. Hakuna giza ndani yake, na wapo waliolalamika, Wamarekani weusi wakiwemo, kwamba Poitier alikuwa akipewa watu watakatifu tu. Lalamiko lina ukweli. Hata hivyo kumfanya mtu mwema asichoshe ni kazi ngumu kuliko kuigiza mhalifu.

Bergman ni uso. Kamera ya Cukor inamkaribia, naye hana pa kujificha. Tukio la kutazama ni lile la ukumbi wa muziki nyumbani kwa watu wakubwa. Wageni wameketi kimya, piano inapigwa, mume anamnong'oneza kwamba saa yake imepotea, kisha anaikuta ndani ya mkoba wa mkewe. Paula hawezi kupiga kelele. Anajaribu kumeza kilio, anameza tena, midomo inamsaliti, hadi kila mtu anageuka. Ukizoea filamu ambazo kilio huanza kwa sauti ya juu, hapa utaona kilio kikipigwa vita kwa dakika nzima kabla hakijashinda, na utaelewa kwa nini kinauma zaidi.

Kinachoisaidia kazi yake ni kwamba Bergman hakuwa mwanamke wa kuonekana dhaifu. Alikuwa mrefu, mwenye afya, mabega yamesimama. Tunamwona mtu imara akimomonyolewa, na tunaogopa kwa sababu tunajua linaweza kumpata yeyote. Mwishoni anapewa nafasi ya kukaa na mume huyo peke yao, yeye akiwa na kisu mkononi, na anachofanya na ule wazimu aliopachikwa ni uigizaji ndani ya uigizaji. Zaidi ya hapo sisemi. Dosari ni kwamba katikati Paula anaonewa mfululizo, na watazamaji wengine humkasirikia yeye badala ya mume.

Brando ni mikono. Kuna tukio anatembea bustanini na Edie (Eva Marie Saint), glavu ya Edie inaanguka, Terry anaiokota. Badala ya kumrudishia, anakaa kwenye bembea, anaisafisha vumbi, anaivaa kwenye mkono wake mkubwa wa bondia. Mazungumzo yanaendelea kama kawaida. Mkono ndio unaokwambia kwamba anampenda na kwamba hataki aondoke. Ndani ya teksi, kaka yake mwenyewe (Rod Steiger) anamtolea bastola. Sisi tuliozoea stelingi hafi, tunangoja ampokonye. Terry anaisukuma bastola pembeni taratibu, kwa huzuni, kama mtu anayemwonea kaka yake aibu. Halafu anaanza kuongea kuhusu maisha ambayo angeyaishi. Watu wengi wanakumbuka maneno yale. Mimi nakumbuka kiganja juu ya chuma.

Dosari ya Brando ni ya mtazamaji kuliko yake: kizazi kizima cha waigizaji kilimwiga, hivyo ukimwona leo unaweza kudhani umeshamwona. Mtazame ukikumbuka kwamba yeye alitangulia.

Lugha na sauti

Kwa atakayetazama bila msaada, mpangilio ni rahisi kuusema. Rahisi zaidi ni *Lilies of the Field*: masista hawajui Kiingereza vizuri, kwa hiyo Homer anaongea polepole, anarudia, na kuna tukio zima la kuwafundisha sentensi. Mwalimu wa sekondari anaweza kulitumia darasani lilivyo. *Gaslight* inafuata, maana waigizaji wa studio za miaka ile walitamka kila silabi. *The African Queen* ina kelele za injini na maji, lakini maneno si mengi. *On the Waterfront* ni ngumu: Brando anamumunya, makuli wanaongea lugha ya mtaani kwao, na katika tukio moja muhimu Terry anamkiri Edie ukweli wake huku honi ya meli ikifunika maneno yote. Hilo la mwisho lilifanywa makusudi, usidhani sabufa yako imeharibika.

Ushauri wangu kwa zote nne ni kuweka maandishi chini ya picha, hata ya Kiingereza, badala ya kutafuta nakala iliyotafsiriwa kwa sauti. Nusu ya kazi ya mwigizaji ni sauti yake. Ukiifunika, umebaki na picha ya mtu anayefungua mdomo.

Mwendo

*Lilies* ni fupi na haina vurugu. Ilipigwa kwa takriban wiki mbili tu na inaonekana hivyo, nyepesi. *The African Queen* inakwenda kama safari, kila baada ya muda kuna jambo jipya mtoni. *On the Waterfront* inabana kuanzia dakika ya kwanza. *Gaslight* ndiyo inayochukua muda wake, na nusu saa ya kwanza inataka subira.

Nani amekaa sebuleni

*Lilies* unaiweka mbele ya bibi, mchungaji na mtoto wa darasa la tatu bila kushika rimoti. *The African Queen* pia ni ya familia, pombe ipo, ila mnywaji anakiona cha moto pale Rose anapomwaga jini yake yote mtoni, chupa baada ya chupa. Kitakachohitaji maelezo kwa watoto ni jinsi Waafrika wanavyoonekana humo, na nitafikia hapo.

*Gaslight* haina damu wala matusi. Ni ya watu wazima kwa sababu nyingine: inaonyesha mume akimvunja mke bila kumpiga hata kofi, mbele ya wafanyakazi wa nyumbani (mmoja wao ni Angela Lansbury, katika filamu yake ya kwanza kabisa). Nimeona chumba kikinyamaza kwa filamu hiyo kwa namna isiyopendeza. Kama unajua aliyekaa karibu nawe ana nyumba yenye shida, fikiri kwanza kama ni jioni ya kutazama na wengi au na mmoja. *On the Waterfront* ina vipigo na vifo, inafaa kuanzia vijana wa sekondari.

Inatugusa wapi huku

Kwa jina, *The African Queen* ndiyo yetu. Mto wa hadithi unaitwa Ulanga, na Ulanga upo: ndio Kilombero, unaopokea Mnyera kutoka Mufindi na Ruhuji kutoka Njombe. Ila Ulanga wetu unaingia Rufiji na kwenda Bahari ya Hindi, hauna habari na ziwa lolote. Ramani ya filamu ni ya kubuni. Wala hawakupiga picha hapa. Walikwenda Kongo na Uganda, na matukio mengine ya majini yalifanyiwa studio Uingereza. Meli ya Wajerumani ndani ya filamu huhusishwa na Graf von Goetzen ya Ziwa Tanganyika, iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa, na tangu 1927 ikaitwa Liemba.

Vita vyenyewe vilipita mlangoni kwetu. Tarehe 13 Agosti 1914, pale Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, meli ya Waingereza iliishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Mwezi uliofuata, ambao ndio mwezi wa hadithi hii, kikosi cha Wajerumani kilitoka upande wa Tukuyu kwenda kupigana Karonga. Katika vita hivyo maelfu kwa maelfu ya wapagazi Waafrika walikufa kwa njaa, magonjwa na uchovu. Kwenye filamu hawapo. Kuna kijiji kinachochomwa, kuna waumini wanaoimba bila kuelewa, kuna askari wanaofyatua risasi kutoka ngomeni, basi. Mimi naipenda kazi ya Bogart na bado hilo linaniudhi kila mara. Mtu anaweza kubeba yote mawili.

Kwa moyo, ninavyoona, *Lilies* iko karibu zaidi. Nenda Rungwe kwa Wamoravian, nenda Tosamaganga kwa Wakatoliki, nenda Ilembula kwa Walutheri: karibu kila kanisa la zamani ukanda huu lina hadithi ya matofali yaliyobebwa kichwani, na mahali fulani ndani ya hadithi hiyo kuna fundi aliyeambiwa kwamba kazi ya Mungu haina bei. Mabishano ya Homer na Mama Maria yanaweza kufanyika kesho Vwawa. Na yupo Juan, mwenye mgahawa, asiyeamini sana lakini anabeba matofali kama bima, endapo Mungu yupo. Huyo naye tunamjua. Watu wa Ilula watapenda kusikia pia kwamba wazazi wa Poitier walikuwa wakulima wa nyanya kutoka kisiwa kimoja cha Bahamas, na kwamba alizaliwa Miami mwaka 1927, kabla ya wakati wake, walipokwenda kuuza nyanya zao. Mtoto huyo wa nyanya ndiye mwanamume mweusi wa kwanza kupata Oscar ya mwigizaji bora, Aprili 13, 1964, siku 13 kabla ya Tanganyika na Zanzibar kuungana. Wa pili, Denzel Washington, alikuja kuipata 2002.

*Gaslight* inatugusa kwa kitu kidogo: taa. Taa za gesi za chumbani kwa Paula zinafifia usiku bila mtu kuzigusa. Kwa mzungu wa leo hilo linahitaji maelezo. Kwetu, fundi wa kuchomelea wa jirani akiwasha mashine na balbu ya sebuleni ikapungua, hata mtoto anajua kuna mtu mahali anavuta kutoka laini hiyohiyo. Paula anajiuliza swali hilohilo, nani amewasha, na mume anamfanya aamini kwamba ni mawazo yake tu. Kwa hiyo mtazamaji wa Mbeya anaanza kumshuku mume mapema kuliko alivyokusudiwa, na filamu inapungua fumbo ila inaongezeka hasira.

*On the Waterfront* ni ya kila aliyewahi kusimama alfajiri akisubiri kuteuliwa kwa kibarua. Makuli wa Hoboken wanakusanyika, msimamizi anarusha vipande vya kazi hewani, wanaume wazima wanagombania chini. Nenda Tunduma kwenye foleni ya malori uwaulize wanaopakua mizigo kama wanahitaji maandishi ya chini kuelewa hapo. Na ile baridi ni ya kweli: walipiga wakati wa majira ya baridi, pumzi zinaonekana zikitoka midomoni, kama Makete mwezi wa Julai. Jambo moja la kulijua ni kwamba Kazan mwenyewe, mwaka 1952, alitaja majina ya wenzake wa zamani wa Chama cha Kikomunisti mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, na miaka miwili baadaye akatengeneza filamu ambayo shujaa wake ni mtu anayetoa ushahidi. Wengine hawakumsamehe. Unaweza kuitazama bila kujua hilo, lakini ukijua, mwisho wake unaonja tofauti.

Kwa hiyo, kulingana na hali yako

Kama hujawahi kumaliza filamu ya nyeusi na nyeupe, au mko mchanganyiko wa umri, anza na *Lilies of the Field*. Dakika 94 zinakwisha kabla umeme haujapata nafasi ya kukatika. Vikundi vya kanisa na kwaya wataitazama kwa masikio pia, na baada yake mabishano ya ujira wa fundi yatajiendesha yenyewe.

Kama nyeusi na nyeupe inakushinda kabisa, *The African Queen* ndiyo pekee yenye rangi hapa, na inafaa baba anayependa safari na vita. Mwalimu wa historia aitumie pamoja na habari za Liuli na Karonga, na awaulize wanafunzi wapagazi wako wapi.

Kama una subira na unataka kujifunza kusoma uso, *Gaslight*. Inafaa marafiki wawili watatu wanaoweza kuongea baadaye, au wanandoa wanaoaminiana. Haifai sherehe, na haifai simu mkononi, kwa sababu vitu vidogo vinavyohamishwa ndani ya nyumba ndio hadithi yenyewe. Waliochoka na stelingi wa kiume peke yao watapata hapa mwanamke anayeshika filamu kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Kama umeshatazama kadhaa na unataka kuona kwa nini waigizaji wenyewe humtaja Brando, *On the Waterfront*, maandishi ya chini yakiwa yamewashwa. Ukiwa na jioni mbili, mtazame Bogart ya kwanza na Brando ya pili, uamue mwenyewe kama wapiga kura wa 1952 na 1955 ungekaa nao meza moja.

Na kama ni kikundi cha maigizo, iwe cha chuo pale Iringa au cha mtaa Mwanjelwa, hamhitaji filamu nzima siku ya kwanza. Chukueni tukio la glavu, la ukumbi wa muziki, la Biblia na la ruba. Kila moja litazameni mara mbili, mara ya kwanza bila sauti.